Msitu Umependeza Mwaka Huu

Asubuhi ya kwanza ya likizo ya Oktoba, babu yangu Eachann alisimama langoni akazungumza na suruali kuukuu ya Baba kwa muda wa kutosha kuchemsha yai.

Suruali hiyo niliijaza nyasi mimi mwenyewe. Nilikuwa nimerudi kutoka shule ya bweni jana yake, nikiwa na mzigo wa nguo chafu na onyo kali kuhusu kondoo aliyekutwa bafuni kwa mwalimu wa bweni, na kwa kuwa si vizuri msichana wa umri wangu kukaa bure, nikaifunga suruali chini, nikaishindilia, nikaiwekea koti juu na kofia ya sufi juu ya koti, nikaiegemeza kwenye nguzo ya lango. Nikajificha nyuma ya tangi la maji. Nilimsubiri Babu ashtuke, atukane kwa Kigaeli, lugha ya wazee wetu wa milimani, kisha acheke mpaka akohoe. Ndivyo tulivyozoeana, mimi na yeye.

Babu hakushtuka.

"Lachlann," alisema, akiinua fimbo yake kidogo. "Mvua ya mwaka huu haina adabu."

Suruali haikujibu. Babu hakuona ajabu, maana jirani yetu Lachlann Gillies naye kwa kawaida hajibu.

"Kondoo wako wamenona. Wangu wanakula kama wageni waalikwa, ila hawanenepi. Haya, bwana. Tutaonana mlimani Jumamosi."

Akashika njia ya mtoni na mbwa wake Moss, kichwa amekigeuza upande kidogo, kama kuku anayetazama punje. Nikabaki nyuma ya tangi.

Baba alikuwa bandani akimkata kondoo kwato.

"Baba, Babu haoni."

"Anaona."

"Ameongea na suruali yako."

"Suruali ipi?"

"Ile ya kijani."

"Ile bado nzima, Ishbel. Irudishe." Alikata kwato nyingine, akamwachia kondoo, akanyoosha mgongo polepole. "Anaona pembeni. Katikati ndiko hakuna kitu, kama moshi, nadhani. Hajaniambia. Mimi humtazama tu anavyogeuza shingo."

"Nani mwingine anajua?"

"Kila mtu."

"Na yeye anajua kwamba kila mtu anajua?"

"Nenda kale uji wako."

Sikwenda kula uji. Nilipindua ndoo nikaikalia, nikamwambia sitaondoka, na ndipo nilipoelezwa habari ya msitu. Nawaomba wasomaji wavue kofia.

Ng'ambo ya mto, chini ya bega la Mlima wa Kikongwe, ulikuwapo msitu wa misonobari, mweusi, wenye umbo la shoka. Watu wa kijiji cha Kilvarran waliutazama kujua kama mvua inakuja. Watu wa Achnadour waliutazama na kudai kwamba zamani ulikuwa wao. Babu aliutumia kama alama ya kushukia kutoka mlimani. Mwezi wa Juni miti iliugua, na mwenye ardhi, ambaye hukaa mbali na huja kuwinda kulungu tu, akaagiza yote ikatwe. Mashine zikaja, zikala, zikaondoka. Wakati huo Babu alikuwa amelazwa hospitali mjini kwa ajili ya mapafu. Aliporudi, upande ule wa bonde ulikuwa visiki na matope matupu, rangi ya mbwa mwenye upele. Mimi, niliyebakizwa shuleni kiangazi chote, niliuona jana yake tu, kupitia dirisha la basi, na nikageuza uso.

Majirani walikuja kumjulia hali. Peigi wa posta alileta skonzi. Babu akaketi dirishani, akauelekeza uso ng'ambo, akavuta pumzi kama mtu aliyefika kwake hatimaye, akasema, "Msitu umependeza mwaka huu."

Baba anasema hata saa ya ukutani ilionekana kusita. Kisha Peigi, ambaye ni mwanamke wa adabu kupita kiasi, mwanamke anayeiomba radhi barua anapoikunja ili ipite mlangoni, akasema, "Umependeza sana, Eachann."

Basi. Neno likishatoka kinywani mwa Peigi, nani angemfanya mwongo mbele ya watu? Lachlann akasema ndiyo. Baba yangu mzazi akasema ndiyo. Kasisi wa Kilvarran, ambaye ameajiriwa kusema kweli, akasema Mungu ni fundi.

Tangu siku hiyo bonde zima la Torradh lilikuwa likiutunza msitu ule kwa mdomo, kwa bidii ambayo hakuna aliyeutunza nayo ulipokuwa na miti. Mimi, niliyeadhibiwa shuleni kwa uongo mara nyingi kuliko ninavyojali kukumbuka, nilikaa juu ya ndoo yangu nikatambua kwamba kumbe mimi ni mwanagenzi tu. Mabingwa wote walikuwa nyumbani.

"Lakini Jumamosi tunakusanya kondoo," nilisema. "Babu atapita wapi kushuka, kama msitu anaoufuata haupo?"

Baba alikifuta kisu kwenye paja. "Ameshuka pale maisha yake yote. Miguu yake inajua."

"Miguu haina macho, Baba."

"Basi unataka nimwambie nini? Kwamba sote tumemdanganya tangu kiangazi? Au kwamba asipande?"

Swali lenyewe lilikuwa baya. Kwetu kondoo wa mlimani hukusanywa kwa mstari. Watu hujipanga kutoka mtoni hadi juu kabisa, kila mmoja mahali pake, na aliye juu kabisa ndiye anayeanza. Hufika Jiwe Jeupe, mwamba ambao Babu huupaka chokaa kila masika, kisha hushuka hadi Rundo la Wachungaji, lile lundo la mawe ambalo kila apitaye huliongezea moja. Akionekana Rundoni, aliye chini yake huondoka, naye akionekana, wa chini yake huondoka, mpaka mstari mzima unageuka kama lango na kuwasukuma kondoo bondeni. Hakuna anayetikisika kabla hajamwona wa juu yake.

Na mahali pa mtu mlimani hapachukuliwi. Mwenyewe hupatoa, siku anayotaka, kwa kumkabidhi mwingine fimbo yake mbele ya wote. Kumpandia mtu mahali pake kabla hajaita ni kumtangazia kwamba amekwisha. Lachlann alipandiwa hivyo na ndugu yake mara moja tu, siku aliyoteguka mguu, na hawakusalimiana tena hadi ndugu yake alipokufa. Hata siku ya mazishi Lachlann alisimama ng'ambo ya barabara, kando ya mnara wa majina ya waliokufa vitani, akijifanya anasoma.

Jiwe Jeupe lilikuwa la Babu, na kabla yake la baba yake. Baba yangu alikuwa akilisubiri bila kuuliza, kama mtu anavyosubiri mvua ikatike.

Jumamosi kulikuwa na mawingu mazito na manyunyu. Tulikutana kwenye daraja lenye nundu, pale ambapo barabara ya Kilvarran inaachana na ya Achnadour, tukanywa chai ya themosi. Peigi alikuwa amevaa koti la mvua la manjano, linaloonekana hata kutoka mwezini.

"Utakaa wapi leo, we msumbufu?" aliniuliza.

"Chini ya Babu."

"Hapo ni pa baba yako."

"Baba amekubali kushuka nafasi moja," nilisema, na Baba akatazama maji.

Lachlann alinong'ona, bila kufungua meno, "Nasikia uliniweka langoni nikiwa nimejaa nyasi."

"Ulikuwa mchangamfu kuliko kawaida yako, Lachlann."

Alitoa sauti ambayo kwake ni kicheko. Babu alikuwa amesimama kando yetu akielekeza uso ng'ambo ya mto, kwenye visiki. "Hata katika hali ya hewa kama hii," alisema, "unapendeza."

"Ndiyo, Eachann," alisema Peigi.

"Ndiyo," alisema Lachlann.

Nikaamua hapo hapo kwamba nitasema.

Tulipanda pamoja, mimi na Babu na Moss, wengine wakibaki mmoja mmoja njiani mahali pao: Peigi mtoni, Lachlann juu yake, Baba juu ya Lachlann. Babu alipanda vizuri. Miguu yake kweli ilikuwa inajua. Tulipolipita lango la mwisho nikasema, "Babu, nina neno."

"Una maneno mengi. Chagua moja."

"Msitu haupo."

Alicheka. "Haupo! Umekwenda Glasgow kutafuta kazi?"

"Umekatwa. Mwezi wa Juni, ukiwa hospitali. Sitanii, Babu."

"Ndivyo ulivyosema Pasaka, kwamba dume la Lachlann limekwama ndani ya kibanda cha simu. Nilitembea mpaka Achnadour na kamba begani."

"Ile ilikuwa..."

"Na kanisa la Kilvarran likapata paa jipya kwa usiku mmoja."

"Babu, tafadhali. Nisikilize."

Alisimama. Alinigeuzia kichwa upande, akanitafuta kwa pembe ya jicho, na nadhani alipata sikio langu na kipande cha kofia. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa heri angekasirika.

"Peigi ameuona," alisema. "Lachlann ameuona. Kasisi ameuona. Baba yako huuona kila siku ya Mungu. Sasa nimwamini nani, mjukuu wangu? Bonde zima, au mtu aliyemwogesha kondoo bafuni kwa mwalimu wake?"

Ni swali zuri sana.

"Basi nipande nawe hadi juu," nilisema, nikamshika mkono wa koti.

Hapo uso wake ulibadilika. Aliutoa mkono wangu, kwa upole, kidole kimoja kimoja. "Mahali pako ni hapa," alisema, akauonyesha kwa fimbo mwamba ambao Baba amekuwa akisimama juu yake tangu ujana wake. Akapanda peke yake, na Moss nyuma ya visigino.

Tulimwona akifika Jiwe Jeupe. Koti lake lilikuwa kama doa la wino juu ya karatasi. Alisimama pale kitambo, akigeuza kichwa huku na huku, huku na huku, na mimi kule chini nikajua anatafuta nini. Kila mara alituambia: ukiwa Jiweni, tafuta weusi wa msitu, uuweke begani kushoto, ushuke. Kisha wingu lilishuka kutoka kwenye kilele cha Kikongwe na kumfunika.

Tukasubiri atokee Rundoni.

Kutoka mwambani kwangu niliuona mstari wote hadi chini: Baba, Lachlann, koti la manjano la Peigi kando ya mto. Kila mtu amesimama wima kama nguzo ya ua. Manyunyu yaligeuka mvua. Kondoo wa juu wakaanza kupenya mmoja mmoja kurudi nyuma ya mlima, kwa utulivu, kama watu wanaotoka kanisani kabla ya mahubiri kuisha. Hakuna aliyetikisika.

"Baba!" nilipaza sauti. "Nipande?"

"Subiri!"

"Nisubiri nini?"

"Atokee!"

Nikasubiri. Lachlann alivua kofia, akaikamua, akaivaa. Peigi alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili. Nililiona hilo hata kutoka kule juu, vitu viwili vyeupe juu ya manjano. Kila mmoja alijua. Kila mmoja alikuwa na adabu zake. Nikafikiria kwamba tungeweza kusimama pale, watu wema kabisa, tukilowa kwa heshima, mpaka giza liingie na mzee awe amekufa.

Nikapanda.

Nyuma yangu nilimsikia Baba akiita jina langu mara moja, kwa sauti ya kukataza. Kisha akaacha kuita.

Ndani ya wingu sikuona zaidi ya nyasi zilizo mbele ya buti zangu. Hakuwapo Rundoni. Hakuwapo Jiweni. Nilisimama nikashika pumzi, na ndipo nikasikia, mbali upande wa kulia, upande usiofaa kabisa, sauti ya Babu ikimtukana mbwa.

Upande ule kuna Korongo Jeusi. Hatupeleki kondoo kule. Hatupeleki hata utani kule.

Nilimkuta amesimama, fimbo imeelekezwa mbele, na Moss amelala kwa kukingama mbele ya buti zake, amelishika pindo la suruali kwa meno. Nyuma ya Moss kulikuwa na nyasi kidogo. Nyuma ya nyasi kulikuwa na sauti ya maji, chini sana.

"Babu, usisogee."

"Nani?"

"Ishbel."

"Mwambie huyu mbwa ameingiwa na wazimu. Msitu ule pale. Nauona weusi wake."

"Ule si msitu. Ni ukuta wa Korongo, upande wa pili. Mbele ya Moss hakuna ardhi, Babu."

Kisha alinyoosha fimbo taratibu, ikampita mbwa, ikapita nyasi, akaishusha. Haikugusa kitu. Aliiacha ikining'inia pale, kama mtu aliyebisha hodi na bado ana matumaini.

Alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka nikamshika, tukakaa chini kwenye majani yaliyolowa. Moss aliliachia pindo, akaanza kutetemeka.

"Ulisema Juni," Babu alisema.

"Juni."

"Peigi alisema umependeza sana."

"Peigi ana adabu."

"Na Lachlann?"

"Naye."

Hakuuliza juu ya Baba. Alikuwa akikishika kichwa cha Moss, akilipapasa sikio moja kana kwamba lina maandishi. "Wiki iliyopita mwanangu alisimama nami dirishani," alisema. "Nikamwambia, ona jua linavyoupiga msitu ule. Akasema, ndiyo, Baba, hasa upande wa mtoni. Upande wa mtoni! Mimi nilimpa msitu tu, yeye akaniongezea na upande."

Nililikamua pindo la suruali yake lililotafunwa na Moss.

"Macho najua yameondoka," alisema. "Nilidhani nawaficha ninyi. Miezi yote nimekuwa nikihofia watagundua na kuninyang'anya Jiwe. Nikasoma gazeti juu chini ili mradi wanione nasoma. Kumbe mimi ndiye niliyekuwa nimefichwa, kama mtoto anayefunikwa macho mnyama akichinjwa."

Mvua ilikuwa inanyesha, kwa hiyo juu ya uso wake sitasema zaidi.

Baadaye alijikung'uta. "Nishushe."

"Nikushike mkono?"

"Tukitoka winguni watatuona?"

"Wote."

"Basi usinishike."

Nikafikiri. Kufikiri kwangu, kwa kawaida, huishia ofisini kwa mwalimu mkuu. "Babu, mluzi wa Moss wa kwenda kushoto ni upi?"

"Mrefu unaoshuka. Unaujua tangu ukiwa mtoto."

"Na wa kulia ni mifupi miwili. Na wa kusimama ni mmoja mrefu ulionyooka."

Aligeuza kichwa polepole. "Unataka kunichunga."

"Ndiyo."

"Kama mbwa."

"Kama mbwa hodari, Babu."

"Na nisipotii?"

"Nitakupeleka kwa Lachlann. Kwake mbwa hulala nje."

Alicheka, mara moja, kicheko kilichofanana na kikohozi, akasimama.

Tulishuka hivyo. Babu mbele na fimbo yake, kichwa juu. Mimi nyuma hatua chache, vidole viwili mdomoni, na Moss nimemfunga kwa kamba ya mfukoni, maana kila nilipopiga mluzi maskini huyo alijirusha kushoto au kulia, kisha akanitazama kama mtu aliyenyang'anywa kazi yake. Mluzi mrefu unaoshuka, na Babu akaelekea kushoto. Mifupi miwili, akaelekea kulia, akilizunguka bwawa la matope asilojua lipo. Mmoja ulionyooka, na akasimama palepale, mguu mmoja hewani, mpaka nilipofika nikalisogeza jiwe lililolegea.

Tukalipita Jiwe Jeupe, tukafika Rundoni. Babu aliinama, akapapasa, akaokota jiwe, akaliweka juu ya mengine. Tukatoka winguni.

Walikuwa bado wamesimama. Nilipiga mluzi wa kushoto, na bonde lote likauona mluzi ule ukimgeuza mzee Eachann kushoto, na mbwa wake akiwa kambani nyuma yangu. Hakuna mtu katika bonde letu asiyejua mluzi ule ni wa nini. Nilimwona Baba akitazama. Kisha aligeuza uso, akatazama kondoo. Lachlann naye akatazama kondoo. Peigi akatazama mto. Ni watu wa adabu sana, hata hapo.

Kondoo waliobaki tuliwasukuma mpaka zizi la mawe lililo chini ya kanisa lisilo na paa. Hawakuwa hata nusu. Watu walifunga malango bila kelele, bila matusi ya kawaida. Peigi aligawa chai. Babu alikaa juu ya ukuta wa zizi, kikombe mkononi, akauelekeza uso ng'ambo ya mto.

"Msitu umependeza mwaka huu," alisema.

Mbwa walinyamaza. Hata kondoo, naapa.

Nawaombeni mwelewe kwamba Peigi si mjinga. Ni mazoea tu, kama mguu unavyoruka daktari akigonga goti. "Umependeza sana, Each..." alisema, na kikombe chake kikaanguka.

"Ulikatwa Juni, mwanamke wewe," Babu alisema. "Hata mbwa wangu anajua."

Hakupaza sauti. Peigi aliinama kuokota vipande, akabaki ameinama hata vipande vilipokwisha. Baba alikuwa amesimama upande wa pili wa lango, mvua ikimtiririka kofiani, uso mweupe kama lile Jiwe.

"Baba," alisema. "Sikujua ningeanzia wapi."

"Ungeanzia popote," Babu alisema. "Ni msitu, Ruaridh. Mtu angeanzia kwenye mti wowote."

Akaweka kikombe chini, akasimama, akaishika fimbo yake katikati kwa mikono miwili, akaitoa mbele.

Sote tulijua maana yake. Lachlann alivua kofia. Lakini sauti ya Baba ilikuwa imepiga ukuta wa kanisa na kurudi upande mwingine, na Babu alikuwa ameinyoosha fimbo kuelekea kwenye lango tupu na kondoo watatu waliomtazama kwa makini. Aliishikilia pale. Mikono yake ilikuwa imara. Hakuna aliyesogea, hakuna aliyesema, "Si huko." Baba mwenyewe hakuweza kusogea; nadhani aliona kwamba akiizunguka fimbo ile na kujiweka mbele yake, ungekuwa uongo mmoja zaidi.

Nikatia vidole mdomoni nikapiga mluzi. Mifupi miwili.

Babu aligeuka kulia. Fimbo ikagusa kifua cha Baba.

Baba aliipokea. Desturi ni kushikana mikono baada ya hapo, na kuna maneno ya kusema. Babu hakuyasema, wala hakunyoosha mkono. Alipapasa nyuma mpaka akaupata ukuta, akaketi tena, na mikono yake bila fimbo haikujua ikae wapi. Aliiweka magotini, akaitoa, akairudisha.

"Sasa," alisema. "Nielezeni. Kuna nini ng'ambo?"

Walitazamana. Lachlann ndiye aliyeanza, jambo ambalo litazungumzwa Achnadour kwa muda mrefu.

"Visiki," alisema.

"Visiki na nini?"

"Matope."

"Mengi?"

"Mengi, Eachann."

"Na yako wapi mawe ya ule ukuta wa zamani uliokuwa ndani?"

"Umebomoka," Baba alisema, kwa sauti ya chini. "Mashine ziliupita. Umebaki upande mmoja tu."

"Upande wa mtoni," alisema Babu.

Baba akaigeuza fimbo mkononi.

"Na kuna kulungu mmoja," Peigi alisema haraka, akipangusa macho kwa mkono wa koti la manjano. "Jike. Amesimama katikati, anatutazama."

Babu alinigeuzia kichwa, upande, akinitafuta pembeni mwa moshi wake. "Kweli, Ishbel?"

Niliangalia ng'ambo. Niliangalia kwa uangalifu, kutoka juu hadi mtoni, kwa sababu nilitamani awepo.

"Hapana, Babu," nilisema. "Hakuna kitu."

Peigi akaanza kulia sasa bila kujificha, na Babu akakubali kwa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu anayehesabu, uso wake bado umeelekea kule.